Pedali Isiyosema

Mwalimu hakuwa na desturi ya kuuliza kama nina nafasi. Alikuwa anafika gereji kwangu Barking, anaegesha lile gari lake jekundu la milango miwili katikati ya mlango pasipoweza kupita mtu, anazima injini, halafu anakaa humo humo ndani mpaka nimfuate. Hapigi honi. Honi kwake ilikuwa tusi. Mimi nikiwa chini ya gari la mtu, mgongo umeganda kwa sakafu ya saruji, nilikuwa najua kafika kwa kimya tu kinachoingia mlangoni. Nikitoka nikimwendea huku najifuta mikono, anateremsha kioo taratibu, anaitikia salamu yangu kwa ukamilifu wake, anauliza watoto, anauliza mama Tanga, ndipo anasema neno lililomleta.

"Fundi, hii pedali haisemi na mimi."

Alikuwa na maana ya pedali ya breki. Na hilo neno lilimleta kwangu mara nyingi kiasi kwamba wenzangu pale gereji walimpa jina la Mzee Breki. Mimi sikumwita hivyo hata siku moja. Kwangu alikuwa Mwalimu, kama alivyokuwa kwa nusu ya Waswahili wa upande huu wa Landani, kwa sababu ndiye aliyetufundisha kuendesha. Jina lake nalijua, lakini sijawahi kulitumia mbele yake, na sasa si wakati wa kuanza.

Wengi wetu tulikuja na leseni za kwetu mfukoni na majivuno yake. Mwalimu aliyatoa majivuno kwanza, akafundisha mengine baadaye. Somo lake la mwanzo halikuwa barabarani. Jumapili asubuhi, kabla maduka hayajafunguliwa, anakupeleka kwenye uwanja mtupu wa kuegesha magari nyuma ya supamaketi, anakuweka nyuma ya usukani, anakwambia: "Vua viatu." Unadhani mzaha. Anangoja. Manesi wa Kikenya waliotoka zamu, madereva wa malori, mke wa imamu aliyevaa soksi tatu kwa baridi, wote walivua. "Sasa kanyaga breki. Pole pole. Funga macho. Hapo pedali inapoanza kukusukuma, umeisikia? Hapo ndipo breki inapoanza kusema. Dereva asiyeisikia pale, atakuja kuisikia mahakamani." Saa nzima mnafanya hivyo, unakwenda hatua chache unasimama, unakwenda unasimama, mpaka unyayo wako unakuwa na akili yake wenyewe. Kwenda alikuwa hafundishi. Kwenda, alisema, hata jiwe linakwenda ukilisukuma kwenye mteremko.

Kisha alikuwa na sheria yake ya mstari. Ukisimama kwenye taa na gurudumu la mbele likavuka mstari mweupe, hata upana wa kiganja, somo limekwisha. "Hama," anakwambia. Unatoka, mvua inanyesha, unazunguka unakaa kiti cha abiria, na yeye anakurudisha kwako bila neno. Ada ya saa ile anakusamehe, na kusamehewa kule ndiko kulikouma. Nakumbuka bwana mmoja wa Mombasa, mtu wa tumbo na sauti, aliyembishia.

"Mwalimu, mimi nimeendesha trela Mombasa mpaka Kampala miaka mingi!"

"Na wote uliokutana nao njiani wanamshukuru Mungu wamefika," alisema Mwalimu. "Hama."

Bwana yule alihama. Leo anaendesha basi la abiria hapa hapa mjini, na nimewahi kupanda basi lake bila kushikilia chuma.

Basi mtu wa namna hiyo, alipostaafu na kuuza gari lake la kufundishia, alinunua gari la mbio. Sote tulipatwa na kicheko. Lilikuwa la mkono wa pili, refu mbele, fupi nyuma, limelala chini kama linatafuta kitu lilichoangusha, na viti viwili vya nyuma ambavyo hata paka angelalamika. Mkewe, ambaye sote tulimwita Bibi na ambaye ulimi wake haukuwa na breki ya aina yoyote, alilizunguka mara moja pale nje ya nyumba yao, akasema, "Bwana umenunua kiatu, hukununua gari." Lakini alikaa ndani, na akakaa kwa mikogo.

Na Mwalimu aliliendesha vipi? Maili ishirini kwa saa. Gari lenye nguvu za kuruka, nyuma yake foleni ya mabasi, vijana wanampita huku wakimpigia miluzi, na yeye amenyooka na kofia yake ya viua kama anapeleka maiti. Nilimuuliza sababu ya kununua gari la mbio kama mbio hazitaki.

"Kwa sababu gari ya mbio ndiyo wanayoitilia breki za kweli," alinijibu. "Hizi nyengine wanazitilia breki za kufaulia ukaguzi. Miye sikununua mbio, fundi. Nilinunua kusimama."

Sina hakika kama ulikuwa ukweli mtupu. Mtu aliyekaa miaka yote kiti cha abiria, mguu juu ya ile breki ya pili wanayofungiwa walimu, akitishwa kila siku na wageni wa njia, labda naye alikuwa na hamu ya kushika kitu chenye nguvu na kukizuia kwa unyayo wake mwenyewe. Hakusema, wala mimi sikumchimba.

Alikuwa na mengine yasiyopatana. Aliwakataza watu kula ndani ya gari, lakini kwenye kisanduku cha dashibodi palikuwa na halua saa zote, imefungwa kwa karatasi ndani ya karatasi. Chai alikunywa bila sukari mbele za watu, na ukimtajia sukari ya mwilini mwake alisema, "Sukari yangu tunajuana." Kliniki alikwenda pale tu walipomtisha. Alikuwa mkali wa saa kwa wengine, na yeye mwenyewe akikaa kwenye benchi langu la mbao haondoki mpaka adhana ya simu yake imlie. Pia alikuwa mchoyo wa sifa. Mimi amenifahamu tangu nina nywele, na sifa aliyonipa ni moja tu: aliwahi kumwambia mtu, mimi nikisikia, kwamba huyu fundi hakazi nati kwa hasira.

Kisha Bibi akaanza kusahau.

Sitaki kuyarefusha maradhi yale, wenye wazee wao wanayajua. Yalianza na sufuria zilizoungua, yakafika pale alipomkuta mumewe chumbani akamuuliza nani kamruhusu kuingia. "Mume wangu akirudi akakukuta humu, shauri yako." Mwalimu akawa analala sebuleni, juu ya kochi, miguu inaning'inia, katika nyumba aliyoilipia mwenyewe. Asubuhi walezi wanakuja kumwogesha Bibi, wanasema naye Kiingereza, na yeye Kiingereza kilishamtoka chote. Mwalimu anasimama mlangoni akitafsiri, na Bibi anawaambia walezi kwa Kiswahili wamwondoe huyu mzee anayewachungulia wanawake.

Siku moja ilibidi ampeleke kwa daktari, na gari la jamaa waliyemtegemea halikutokea. Akamkalisha Bibi katika lile jekundu. Walipofika kwenye kipilefti cha kwanza, Bibi akashusha pumzi, akajilaza kitini, akasema, "Baba Zuhura, njia hii wameichimba tena?" Zuhura ndiye binti yao wa pekee. Mwalimu alikuwa hajaitwa jina hilo kwa zaidi ya mwaka. Aliniambia kwamba aliogopa hata kugeuza shingo. Aliitikia tu, "Wameichimba, mke wangu," akaendelea kuendesha, wakampita daktari, wakafika karibu na Romford kabla hajathubutu kugeuza.

Hatujui ni mngurumo wa ile injini, au ni kukaa chini vile, au ni nini. Walimjaribu katika gari kubwa la jamaa, akalia. Kwenye basi akapiga kelele mpaka dereva akasimama. Lakini katika lile jekundu, mumewe akiwa kwenye usukani, alirudi. Hakurudi kamili, ila alirudi kiasi cha mtu na mkewe kuzungumza. Wakawa wanatoka kila siku baada ya Alasiri, Longbridge Road kwenda na kurudi, au wanaifuata njia mpaka giza liwakaribie. Bibi anasema habari za watu waliokwisha kufa, anamsuta kwa kofia iliyopauka, anamega kipande cha halua na kumtilia mdomoni. Wakirudi nyumbani, akifunguliwa mlango akakanyaga lami, anamtazama yule mzee anayemshika mkono, anauliza, "Wewe nani?"

Palikuwa na sharti moja. Gari lisimame kama usingizi unavyomchukua mtu. Likisimama kwa kishindo, hata kidogo, Bibi anashtuka, anapiga ukelele, na akimtazama dereva anamwona mgeni. Siku hiyo imekwisha. Kwa hiyo kila taa nyekundu ya Barking ilikuwa na uwezo wa kumnyang'anya mke. Ndiyo maana alikuja kwangu na ile habari ya pedali, na ndiyo maana sikuwa na moyo wa kumcheka.

Tulianza na breki pedi. Mara ya kwanza alizinunua mwenyewe kwenye mtandao, kisanduku kina picha ya gari la mashindano. Nikamwambia, "Mwalimu, hizi ni za uwanjani. Hizi zinataka ziive kwa moto ndipo ziume. Kwa mwendo wako huu hazitapata joto mpaka kiama. Asubuhi ya baridi utakanyaga kama umefungiwa mbao."

"Zifunge."

Nikazifunga. Zililia kama bawaba za banda la kuku, mtaa mzima ukageuka, na hazikuuma. Kabla ya Ijumaa amerudi. Nikamtilia pedi nzuri za barabarani, za kawaida, ambazo ndizo zinazomfaa mtu wa kwenda dukani na kurudi hata gari lake likiwa la mbio namna gani. Gari likasimama vizuri. Yeye akasema haisemi. Nikabadilisha diski zote nne. Haisemi. Nikamwaga mafuta ya breki ya zamani, nikatia mapya ya daraja la juu, nikatoa upepo kila gurudumu mpaka hapakuwa na kipovu. Akaenda kuzunguka, akarudi, akateremsha kioo.

"Bado, fundi. Kama nakanyaga mto."

Akaja na habari ya kalipa kubwa, yale makucha yanayobana diski, za pistoni sita. Nikamkatalia. Hizo hazienei ndani ya rimu zake, kwa hiyo rimu kubwa, rimu kubwa inataka tairi la ubavu mfupi, na tairi la ubavu mfupi likipita juu ya matuta ya mitaa yetu Bibi atatikisika mpaka meno. Hapo alikubali, kwa ajili ya matuta. Lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kuona kitu. Nililipeleka lile gari kwenye mashine ya kupimia breki, na vipimo vilitoka bora kuliko vya gari jipya. Niliendesha mwenyewe, nimevua viatu kama alivyonifundisha. Pedali ilikuwa inasema. Ilikuwa inahutubia.

"Mwalimu, mimi naisikia," nikamwambia.

"Wewe kijana," akasema. Mimi kijana wa miaka hamsini na mbili. "Vijana mnasikia kila kitu."

Jibu lilikuja Januari, kwenye sinki langu. Alasiri ilimkuta gereji, akawa anatawadha. Alikuwa hataki kupaka juu ya soksi kama wanavyofanya wengi kazini. Alitaka maji mpaka kwenye vifundo, hata yawe ya barafu. Akapandisha mguu wa kulia juu ya ukingo wa sinki, akavuta soksi, na soksi haikutoka. Ilikuwa imenasa. Nikasogea kumsaidia nikaona damu imekauka rangi ya kutu, na chini ya unyayo, pale pale kwenye mnofu wa kukanyagia, kibanio cha chuma cha breki pedi. Vile vibanio vyembamba vyenye ncha, vinavyoruka ukifungua pedi kuukuu. Kiliingia kwenye kiatu chake hapo hapo kwangu, alipopita asubuhi ile nikiwa nafungua pedi za gari la mtu. Alikuwa amekikanyagia tangu asubuhi, amekiendeshea gari, amekiswalia Adhuhuri kwa udhu aliotoka nao nyumbani.

"Mwalimu, mguu."

"Una nini?"

Aliutazama kama unavyotazama mzigo wa mtu mwengine ulioachwa kitini. Nikachukua koleo ndogo, nikakivuta. Kilitoka kwa shida, na damu mbichi ikafuata. Wakati navuta alikuwa ananieleza habari za mipira ya kupitishia mafuta ya breki, ya waya wa kusuka, kwamba ameisoma, kwamba haivimbi. Sauti yake haikutetereka hata herufi. Nikakiweka kile kibanio juu ya ukingo wa sinki.

"Mwalimu," nikasema, "breki ni nzima. Mguu ndio hausikii."

Akafungua bomba, akauosha, akaangalia maji mekundu yakizunguka na kuzama.

"Baridi," akasema. "Landani hakuna mwenye miguu mwezi huu."

Nilimfunga kitambaa, akatawadha tena kama inavyopasa, tukaswali bega kwa bega juu ya kadibodi. Alipotoa salamu akasema bila kunitazama, "Ile mipira, utanifungia lini?" Nikamwambia kwanza daktari. Alikubali kwa namna ya mtu anayekubali ili ainuke. Siku ile ile nilimpigia simu Zuhura.

Zuhura anakaa Kenton na mume na watoto, upande wa pili kabisa wa mji. Alikuja gereji na koti la ofisini, akasimama kando ya lile gari kama anasimama kando ya mtu asiyempenda.

"Uncle, wewe ndiye unamfungia vitu vyote hivi," alisema. "Why? Si ungemwambia tu gari imekufa? Just tell him it's dead, basi, angeamini."

"Gari ni zima, mwanangu. Katika nyumba ile ndilo pekee lililo zima."

Akakaa kwenye benchi. Akanisimulia kwamba amempeleka hospitali mwenyewe, na kwamba ni sukari iliyoiua mishipa ya fahamu ya miguu. Daktari alimwambia Mwalimu afumbe macho, akawa anamgusa nyayo kwa uzi mgumu wa nailoni, hapa na pale, aseme ndiyo kila akihisi. "Akasema ndiyo, ndiyo, ndiyo. Very confident. Halafu daktari akasimama, akaniangalia. Alikuwa hamgusi, Uncle. Uzi uko hewani na Dad anasema ndiyo." Alicheka kidogo, kicheko kikamgeukia. Akasema kuna nyumba ya wazee karibu na kwake, safi, ina nafasi ya mama, na baba anaweza kuhamia kwao chumba cha juu. "Nikamwambia, ‘Dad, it's not safe, mtaua mtu.’ Unajua alinijibu nini? ‘Huko Kenton mama yako atamjua nani?’ Nikamwambia ukweli, hata wewe hakujui. Akasema, ‘Ndani ya gari ananijua.’ What do I say to that? Niambie, mimi niseme nini?"

Kila niliyemuuliza tangu siku ile ana jibu lake haraka, na kila jibu linamwacha mmoja wa wale wazee nje.

Daktari aliandika alichoandika, na Mwalimu akaambiwa asiendeshe mpaka watu wa leseni waamue. Aliendelea. Mtu aliyewashusha madereva kwa upana wa kiganja aliendelea kuendesha, kila Alasiri, na mimi kila nikisikia king'ora huku Barking niliacha nilichoshika. Nilipomwendea nyumbani kumsihi alinipokea vizuri, akanipa kahawa, akazungumza habari za ukungu. Nilipolitaja gari aliniuliza kama nimeshaoa wa pili.

Ilitokea mchana kweupe, kwenye taa za Ripple Road, na alinisimulia mwenyewe. Taa ilikuwa nyekundu. Alikanyaga, au alidhani amekanyaga. Mguu ulikuwa juu ya pedali, lakini uzito wake haukujua uende wapi. Gari likateleza polepole likavuka mstari, likaingia urefu wa boneti kwenye kivuko, watu wakiwa wanapita. Mama mmoja mwenye kigari cha kununulia vitu aliipiga boneti kwa kiganja, akatukana, akaenda zake. Hakuna aliyeguswa. Ndipo mguu ukapata breki yote kwa mkupuo, gari likasimama kwa kishindo, na Bibi akaanza kupiga mayowe kuwa ameibiwa, yumo kwenye gari la mwizi.

Kesho yake alikuja gereji kwa miguu, na bakora. Sikuwahi kumwona akiingia kwa ule mlango mdogo. Akaweka ufunguo juu ya meza yangu, kati ya spana.

"Nilivuka mstari," akasema.

"Mwalimu, hakuna aliyeumia."

"Miye sikufundisha watu wangoje mtu aumie." Akausogeza ufunguo kwangu kwa kidole. "Mwanafunzi angehama. Na miye nimehama."

Aliniomba lile gari likae kwangu, nilitembeze mara moja moja ili diski zisishike kutu. Hizo diski mpya, za bei, ambazo hazikuwahi kuwa na kosa.

Walijaribu kila njia. Alimleta Bibi gereji akamkalisha ndani, yeye akakaa kwenye usukani, nikawasha injini, milango wazi moshi utoke. Bibi alikaa kidogo, akauliza, "Mbona hatwendi?" akateremka. Teksi ilimtisha. Zuhura aliomba ajaribu yeye kuliendesha, kumbe leseni yake ni ya otomatiki tu. Binti wa Mwalimu hajui klachi. Baba hakumfundisha yeye, alikuwa na shughuli ya kutufundisha sisi. Miezi ikapita. Nikasikia Bibi amenyamaza, hagombani tena na mtu chumbani, analishwa kwa kijiko. Nikasikia ile nafasi ya Kenton imekubaliwa.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa Jumapili moja ya masika ya huku, jua lina mwanga bila moto. Alinipigia simu asubuhi, jambo asilokuwa nalo, akaniuliza kama leo nina nafasi. Wiki ile walikuwa wanampeleka Bibi Kenton. Alitaka azungushwe mara moja ndani ya gari lake. "Utaendesha wewe," akasema. "Miye nitakaa nyuma."

Nikalipeleka mlangoni kwao. Kumwingiza yeye kwenye kile kiti cha nyuma ilikuwa kazi, magoti yamefika kifuani, bakora imelazwa mapajani, kofia inagusa paa. Bibi tulimkalisha mbele. Alikuwa mwepesi, amevaa buibui lake zuri, macho yake hayakai mahali. Nikaondoka taratibu. Sijapata kuendesha kwa woga kama ule, hata siku ya mtihani. Taa ya kwanza nilianza kukanyaga kutoka mbali, gari likasimama kwa namna ambayo hata maji kikombeni yasingetikisika. Taa ya pili vile vile.

Tulipofika Longbridge Road, Bibi akashusha pumzi, akajilaza kitini. Akasema, kwa sauti niliyoijua, ile ya zamani yenye ncha:

"Baba Zuhura, leo umekuja kunichukua mapema."

Moyo wangu uliruka kwa furaha. Nikatazama kwenye kioo nimwone Mwalimu anavyoitikia. Kisha nikaona kwamba Bibi hakugeukia nyuma. Alikuwa ananitazama mimi, uso wote umefunguka, kama anavyotazamwa mtu aliyesubiriwa. Kumbe alikuwa anamjua aliyeshika usukani, yeyote awe.

"Bibi, mimi si..." nikaanza.

"Muitikie," Mwalimu akasema nyuma yangu, chini chini. "Muitikie, fundi. Usimkatishe."

Nikasema, "Nimekuja mapema, mke wangu." Sauti haikuwa yangu.

Akafurahi. Akaanza kunipa habari, nani kaolewa, nani kamkosea adabu, na mimi naitikia kila pahala pa kuitikia, na kila nikiitikia naona kwenye kioo ile kofia imeinama. Kisha akasikia pumzi za mtu. Akageuka kwa shida, akamtazama mzee aliyekunjika kule nyuma na bakora yake.

"Na huyu nani?"

Mwalimu aliwahi kabla yangu.

"Abiria tu, mama," akasema kwa adabu. "Mumeo kanipa lifti. Nafika hapo mbele."

"Basi msimamishie asije akapitishwa," Bibi akaniambia. "Mtu mzima huyo."

Nikamtazama Mwalimu kwenye kioo nikimwomba asifanye. Akatikisa kichwa, akaonyesha kwa kidole pa kusimama, kando ya kituo cha basi. Nikasimama kama alivyonifundisha. Nikatoka, nikalaza kiti changu, nikamshika kwapani mpaka akapata miguu yake, ile asiyoisikia. Yeye alikuwa anaweka sawa kofia.

"Zunguka naye mpaka achoke," akasema. "Miye nitarudi na basi."

Nikaingia, nikafunga mlango, nikaingiza gia. Tulikwenda kidogo kabla Bibi hajasema.

"Maskini. Yule ana mtu kwake?"

"Anaye," nikamwambia.

"Afadhali," akasema, akauweka mkono wake juu ya mkono wangu uliokuwa kwenye gia, na mimi nikaendesha vile vile, gia ile ile, mpaka Longbridge Road ikatuishia.